Mlima Kilimanjaro hautaki klachi ngumu, unataka klachi sahihi

MOSHI. Muulize shabiki yeyote wa mbio za magari gari lake linahitaji nini ili lipande vizuri kutoka Himo kwenda Marangu, utasikia majibu yale yale: tabo kubwa zaidi, programu mpya ya injini, ekzosi pana. Wachache sana watataja klachi.

Klachi hukumbukwa siku moja tu. Ni ile siku gari limesimama katikati ya kona ya mlimani, injini inaunguruma hadi mwisho, mshale wa mizunguko umepanda juu kabisa, lakini matairi hayaendi kokote na harufu ya kuungua imejaa ndani. Hapo msimu umeharibika, na mara nyingi mwenye gari hana gari jingine wala timu ya kiwanda ya kumpigia simu.

Ndiyo maana kwa dereva binafsi wa Moshi, anayejiandalia gari kwa fedha zake mwenyewe, uamuzi wa klachi ipi afunge ni mzito kuliko unavyoonekana. Akikosea kwa kufunga dhaifu, inaungua. Akikosea kwa kufunga kali mno, inamvunjia giaboksi. Na giaboksi ni gharama ya aina nyingine kabisa.

KIUNGO ASIYEIMBWA

Kwenye soka, mabao huimbwa kwa jina la mshambuliaji na penalti iliyookolewa huimbwa kwa jina la kipa. Namba sita, yule kiungo mkabaji anayeunganisha nyuma na mbele, anakumbukwa siku amecheza vibaya. Klachi ndiye namba sita wa gari.

Imekaa kati ya injini na giaboksi. Upande wa injini kuna flaiwili, gurudumu zito la chuma linalozunguka muda wote injini inapowaka. Upande wa giaboksi kuna klachi pleti, sahani iliyovikwa kitambaa cha msuguano pande zote mbili. Nyuma yake kuna presha pleti, yenye springi inayoibana sahani hiyo kwenye flaiwili. Dereva akikanyaga pedeli, mbano unaachia na gari linakuwa huru. Akiachia pedeli, mbano unarudi na nguvu ya injini inapita kwenda kwenye matairi.

Uwezo wa klachi kubeba nguvu unategemea mambo manne tu: ukali wa msuguano wa kitambaa, nguvu ya mbano wa presha pleti, ukubwa wa sahani, na idadi ya nyuso zinazosuguana. Ukizidisha manne hayo unapata jibu. Kila klachi "iliyoboreshwa" inayouzwa duniani, iwe imeandikwa jina gani kwenye boksi, imeongeza moja au zaidi ya hayo manne.

Chukua hesabu ya mfano. Sahani ya milimita 230, presha pleti inayobana kwa nguvu ya kilo 800, kitambaa chenye msuguano wa 0.3, nyuso mbili. Klachi hiyo itabeba kama Nm 450 kabla ya kuteleza. Subaru Impreza STI za mwisho za umbo la GC8 zilitoka kiwandani Japan zikiwa na Nm 353. Kwa hiyo unabaki na akiba nzuri.

Lakini akiba hiyo ni ya klachi iliyopoa. Joto likipanda sana, msuguano wa kitambaa cha kawaida hushuka. Ukishuka kutoka 0.3 hadi 0.2, klachi ile ile inabeba chini ya Nm 300. Hapo hata injini ambayo haijaguswa na fundi yeyote inaizidi nguvu. Klachi inateleza, utelezi unaongeza joto, joto linaongeza utelezi. Ndani ya dakika chache kazi imekwisha.

Kwa maneno mengine, swali la kwanza si injini yako ina farasi wangapi. Swali ni klachi yako itapata joto kiasi gani, na wapi.

UWANDA CHINI, MLIMA JUU

Hapa ndipo Moshi inapotofautiana na miji mingine. Mji wenyewe uko kati ya mita 800 na 900 juu ya usawa wa bahari. Ukishuka kusini, kwenye mashamba ya miwa ya TPC na barabara za vumbi za kuelekea Kahe, uko chini zaidi, kwenye joto na tambarare. Ukigeuza gari ukapita Himo na kupanda hadi lango la hifadhi kule Marangu, umefika karibu mita 1,870. Tofauti hiyo ya zaidi ya mita 1,000 unaimaliza kwa safari ya asubuhi moja.

Uwanda wa chini ni rafiki wa klachi. Unaondoka, unapanga gia, unakimbia. Klachi inafanya kazi sekunde chache kisha inapumzika. Adui yake huko ni vumbi laini, hasa gari likizama na dereva akaanza kulazimisha kutoka kwa kuongeza mafuta huku mguu mmoja uko nusu kwenye pedeli. Waliofuatilia Safari Rally tangu irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha wameona magari ya mamilioni yakihangaika kwenye vumbi la aina hiyo.

Mlimani ni habari nyingine. Gari la mbio la kilo 1,400, likiwa na dereva, msoma ramani na mafuta, likisimama kwenye mteremko wa asilimia 10 linavutwa kurudi nyuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 140. Mzigo huo lazima ubebwe na kitu. Kama dereva hakuvuta breki ya mkono na anabalansi gari kwa klachi, basi unabebwa na kitambaa kile chembamba cha sahani, kikisuguana bila kupumzika.

Ongeza hewa nyepesi. Katika urefu wa mita 1,800, mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu asilimia 20 ukilinganisha na Tanga au Dar es Salaam. Tabo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo ikishajaa, lakini mizunguko ikiwa chini injini inakuwa nzito kuamka. Dereva anafanya nini? Anaongeza mafuta zaidi kabla ya kuachia klachi. Kila kuondoka kunakuwa na moto zaidi.

Kisha subiri masika, kati ya Machi na Mei. Barabara za udongo za Kibosho, Uru na Old Moshi, zinazopita katikati ya migomba na kahawa, zinakuwa utelezi mtupu. Kona ni za gia ya kwanza na ya pili. Tairi linateleza, linashika ghafla, linateleza tena. Kila linaposhika ghafla, kishindo kinarudi nyuma kupitia giaboksi hadi kwenye klachi.

MZEE SHANKLAND ALIJUA

Kabla ya kuingia dukani, ni vizuri kukumbuka kwamba ukanda huu una historia ndefu ya magari yanayodumu. Safari ilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa mkazi wa Dar es Salaam, Bert Shankland, akisomewa ramani na Chris Rothwell.

Gari lao lilikuwa Peugeot 404. Halikuwa gari lenye nguvu kuliko yote, lakini lilishinda Safari mara nne ndani ya miaka sita: 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na 1968 magari saba tu ndiyo yalifika mwisho. Katika mazingira hayo, ushindi ulikwenda kwa gari ambalo vyombo vyake vilikuwa vinaelewana, hakuna kimoja kilichomzidi mwenzake na kumvunja.

Baadaye zikaja mashine ambazo leo ndizo zimejaa kwenye mbio za Afrika Mashariki. Mitsubishi Lancer Evolution ilimpa Tommi Mäkinen ushindi wa Safari mwaka 1996 na 2001. Subaru Impreza ilishinda mwaka 1997 ikiwa na Colin McRae na mwaka 2000 ikiwa na Richard Burns. Kijana wa Moshi anayenunua Subaru iliyotumika Japan anajua historia hiyo kwa moyo. Asichokijua wakati mwingine ni kwamba gari lake na lile la McRae yanafanana sura, si giaboksi.

AINA NNE, MAAMUZI MANNE

Dukani utakutana na makundi manne.

La kwanza ni klachi ya kiwandani, yenye kitambaa cha kawaida kilichochanganywa na nyuzi na gundi maalumu. Ni laini, pedeli nyepesi, inasamehe makosa, na gari linaondoka bila kushtuka. Kwa gari ambalo injini yake haijaguswa na dereva anayejua kuondoka mlimani, bado ni chaguo la heshima. Udhaifu wake ni joto: ikiungua sana mara moja, uso wake unakuwa kama kioo na haurudi tena katika hali yake.

La pili ni kitambaa kile kile, lakini presha pleti yenye mbano mkali zaidi. Hili wauzaji wengi huliita hatua ya kwanza. Pedeli inakuwa nzito kidogo, lakini uwezo unaongezeka bila kubadili tabia ya gari. Mbano ukiongezeka kwa robo, klachi ya mfano wetu inapanda kutoka Nm 450 hadi zaidi ya Nm 550. Evo IX, iliyotoka kiwandani na takriban Nm 400, inabebeka vizuri kabisa hapo.

La tatu ni sahani yenye vipande vya seramiki na shaba, vinne au sita, badala ya kitambaa cha mzunguko mzima. Hii ndiyo inayowavutia vijana kwa sababu inaonekana kama kitu cha mashindano, na ni kweli ni ya mashindano. Inavumilia joto ambalo lingemaliza kitambaa cha kawaida. Lakini haina katikati: ama imeshika, ama haijashika. Kuondoka taratibu kwenye foleni ya Double Road ni mtihani, gari linadunda kama punda aliyekataa mzigo. Pia inakula flaiwili haraka zaidi.

La nne ni klachi ya sahani mbili. Badala ya nyuso mbili zinazosuguana, zipo nne, kwa hiyo uwezo unaongezeka maradufu bila kuhitaji pedeli ya kukanyaga kwa miguu miwili. Ni dawa nzuri kwa injini iliyoongezwa nguvu sana. Tatizo ni bei, kelele ya vyuma pedeli inapokanyagwa, na ukweli kwamba likiharibika Moshi, spea yake huenda iko nchi nyingine.

KOSA LINALOVUNJA GIABOKSI

Sasa tufike kwenye kosa ambalo hugharimu zaidi. Mtu ameunguza klachi ya kawaida kule Kilema. Anakasirika, anasema safari hii nafunga ile ngumu kuliko zote, sitaki kusikia habari ya kuteleza tena. Anafunga seramiki ya vipande vinne, tena ile ambayo kitovu chake hakina springi.

Zile springi ndogo zilizo katikati ya sahani hazikuwekwa kwa urembo. Kazi yake ni kumeza kishindo kabla hakijafika kwenye meno ya gia. Ukiziondoa, na ukaondoa pia ule utelezi mdogo wa kitambaa, kishindo chote cha tairi linaloteleza na kushika ghafla kwenye matope kinakwenda moja kwa moja kwenye giaboksi.

Na giaboksi ya gia tano ya Impreza haikuumbwa kwa mateso hayo. Udhaifu wake unajulikana kwa mafundi wa Subaru kila kona ya dunia. Subaru wenyewe walileta giaboksi ya gia sita, imara zaidi, kwenye STI mpya mwishoni mwa mwaka 2000. Ukiwa na GC8 ya gia tano, klachi ndiyo fyuzi yako. Kazi ya fyuzi ni kukatika kabla ya kitu cha thamani kuungua.

Kwa hiyo kwa gari la gia tano linalocheza mlimani, uchaguzi wenye akili kwa kawaida ni kundi la pili: kitambaa cha kawaida au chenye nyuzi imara, mbano ulioongezwa kiasi, kitovu chenye springi. Seramiki yenye springi ina nafasi yake kwa mwenye gia sita au Evo, anayekwenda kwenye mashindano tu na hapeleki watoto shule na gari hilo hilo. Sahani mbili ni kwa aliyeongeza nguvu hadi hesabu za kundi la pili zimegoma.

KAZI YA GEREJI

Ununuzi una mitego yake. Wengi hufuata spea Ilala na Kariakoo jijini Dar es Salaam, wengine huvuka mpaka wa Holili kwenda Kenya hadi Nairobi, mtaa wa Kirinyaga Road. Boksi zuri si ushahidi. Linganisha idadi ya meno ya kitovu na shafti yako, pima kipenyo cha sahani, angalia kama presha pleti ni ya aina ya gari lako. STI za gia sita hutumia sahani ya milimita 240, za gia tano 230; usipopima utarudi dukani.

Ukishapata klachi, kinachofuata ndicho kinachotenganisha fundi na mbahatishaji. Kwenye Subaru za tabo za gia tano na Evo nyingi, klachi ni ya kuvutwa, si ya kusukumwa. Rilizi beringi imeng'ang'ania ndani ya presha pleti. Asiyejua hilo atafungua nati zote, ataweka jeki, kisha atavuta giaboksi kwa nguvu na kushangaa kwa nini haitoki. Lazima pini ya uma wa klachi ichomolewe kwanza kupitia tundu lililo ubavuni mwa giaboksi. Giaboksi nyingi zimepasuliwa kwa nyundo kwa sababu ya kutojua pini moja.

Giaboksi ikishashuka, usifunge kitu hadi umekagua. Oili sili ya nyuma ya krenki inavuja? Badilisha sasa. Tone la oili kwenye kitambaa kipya linaua klachi yenye umri wa siku moja. Beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili inakwaruza? Badilisha. Flaiwili ina madoa ya bluu au nyufa nyembamba? Bluu ni alama ya joto kali. Kama nyufa ni za juu juu, ipelekwe kwa fundi wa mashine ya kuchongea vyuma isawazishwe. Kama zimezama, itupwe. Kufunga sahani mpya kwenye flaiwili iliyopinda ni kutia maji kwenye pakacha.

Sahani ina upande wa flaiwili na upande wa giaboksi, na mara nyingi imeandikwa. Iwekwe katikati kwa kijiti chake maalumu, la sivyo shafti haitaingia. Boliti za presha pleti zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana kama nyota, kisha zimaliziwe kwa toki renchi kwa kipimo cha mtengenezaji. Grisi ni ya kupaka kiasi cha ukucha kwenye meno ya shafti, si zaidi. Nyuso za msuguano zisafishwe na zisiguswe kwa mikono yenye mafuta.

Mwisho, mfumo wa maji ya klachi utolewe upepo, na uchezaji wa pedeli upimwe. Pedeli isiyo na nafasi hata kidogo ina maana klachi haibani kikamilifu, na hiyo itateleza hata ikiwa mpya na ghali kiasi gani.

KILOMITA ZA KWANZA

Hapa ndipo uvumilivu wa vijana huisha. Gari limetoka gereji Ijumaa, Jumamosi wanataka kwenda kulijaribu Marangu. Klachi mpya ya kitambaa inahitaji kilomita mia kadhaa za mwendo wa mjini ili nyuso zake zikubaliane: kuondoka kwa upole, kubadili gia mara nyingi, bila kukanyaga mafuta hadi chini. Safari ndefu ya barabara kuu haisaidii, kwa sababu klachi haibadiliki mara kwa mara. Mizunguko ya Majengo, Soweto na Pasua inafaa kuliko Moshi hadi Same.

Na kujaribu gari kwa kasi kuna mahali pake. Barabara ya Marangu ina wanafunzi, bodaboda, akina mama wa sokoni na mabasi ya watalii. Mwendo wa mashindano ni wa barabara iliyofungwa, yenye wasimamizi na gari la wagonjwa.

Mlimani kwenyewe, dawa ya klachi ni mguu wa dereva. Breki ya mkono ishike gari, klachi iachiwe hadi inaposhika, breki iachiwe, mguu utoke kabisa kwenye pedeli. Ukinusa harufu ya kuungua, usiendelee kulazimisha. Tafuta sehemu tambarare, acha injini ikiwaka na gari liko huru, ipe dakika kadhaa ipoe. Klachi iliyopata joto mara moja inaweza kusamehe. Ya mara ya tatu haisamehi.

Kuna jaribio moja rahisi kabla ya kila mashindano, halihitaji kompyuta. Kwenye sehemu iliyonyooka na salama, weka gia ya nne mizunguko ikiwa chini, kisha kanyaga mafuta yote. Mshale wa mizunguko na mshale wa mwendo vinapaswa kupanda pamoja. Kama wa mizunguko unapanda na wa mwendo umebaki nyuma, rudi gereji. Hicho mlima utakigundua tu, tena kwenye kona mbaya kuliko zote.